Kenge Aliyestaafu Kazi ya Mayai

Kwaraa.

— Nani huyo usiku wote huu?

Kwaraa.

— Nani huyo?

Kama ni mgeni?

— Akaribie, aketi.

Na kama ni mwizi?

— Aketi vilevile, tumtazame mkia.

Haya basi, kaeni mkao wa kusikia, na mwenye mtoto amlaze begani, maana sauti hiyohiyo, kwaraa, kwaraa, kama mtu anayeburuta gunia juu ya matope, ndiyo aliyoisikia Kitwitwi usiku wa nne mfululizo, saa ambazo hata mbu wamelala. Kitwitwi, kwa asiyemjua, ni kile kijidege cha miguu kama njiti kinachokimbia pembeni mwa maji, tititi, kikasimama, kikadonoa, kikakimbia tena. Huyu wetu alikuwa mama kijana, uzazi wake wa kwanza, na chini ya tumbo lake kulikuwa na mayai matatu, na mumewe alikuwa amevuka ng'ambo kutafuta chakula, na yeye alikuwa peke yake, na kila kwaraa ilipolia aliyabana mayai yale kwa nguvu mpaka akaogopa asije akayavunja yeye mwenyewe.

Halafu, usiku huohuo wa nne, ikaja sauti nyingine. Ko. Ko, ko. Hii haikutoka mikokoni, ilitoka chini yake. Watoto walikuwa wameanza kugonga kwa ndani. Mama mwingine angefurahi. Kitwitwi aliinama akawanong'oneza, nyamazeni wanangu, nyamazeni, msigonge, kuna mtu anasikiliza.

Na alikuwepo anayesikiliza.

Hori lao lilikuwa hivi: bahari inaingia kwa mlango mmoja mwembamba, inajaza, mikoko inabaki vichwa tu, kisha inatoka kwa mlango uleule, inaacha matope yanayometa na vidimbwi vya hapa na pale. Yakijaa yatapwa, yakipwa yatajaa. Kila aliyezaliwa pale alijua kwamba kuna siku za maji mafu, bahari inapoingia kivivu na kurudi nusu njia, na kuna siku za bamvua, mwezi ukiwa mzima, bahari inapokuja kwa haki yake yote. Ndiyo maana Kitwitwi alichimba kishimo chake juu, hatua mbili nyuma ya ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua kubwa ya mwaka jana. Hakufundishwa na mtu. Mama yake alitaga hapo, na bibi yake.

Asubuhi kulipokucha, mwenye kuburuta akajitokeza. Kenge. Kenge wa mtoni, mrefu kama mpini wa kasia na nusu yake, mkia kama mjeledi, ulimi unatoka na kurudi, lele, lele. Akapanda juu ya mzizi wa mkoko, akakohoa, akawataka wakazi wote wa hori watoe vichwa. Kaa wakatoa macho mashimoni, Membe akatua, Chaza akafunga mlango wake zaidi, na Kitwitwi akabaki pale alipo, maana yai halina miguu.

"Nimefanya kazi ya mayai tangu ujana wangu," akasema Kenge. "Mto mzima unanijua. Nimepanda miti, nimechimba kingo, nimepigwa mawe na wenye kuku. Sasa nimechoka. Nimestaafu, nimekuja kupumzika hapa kwenu, mahali pazuri pa upepo. Na mstaafu hatafuti, mstaafu huletewa."

Akaeleza jinsi atakavyoletewa. Kila jua likichomoza, yai moja. Wasiotaga walete mtoto, yeye hachagui sana. Ataanza na jirani wa karibu ili asimsumbue mtu kutembea mbali. Na aliposema jirani wa karibu, macho yake yale ya manjano yakatua juu ya Kitwitwi, yakatulia pale kama inzi juu ya kidonda. Kuanzia kesho.

Kitwitwi hakukumbuka alivyofika kwa Bi Kaa. Aliyafunika mayai kwa mchanga, akakimbia, tititi, tititi, akaanguka, akainuka.

Bi Kaa Gando-Moja alikuwa mstaafu wa kweli, na hori lote lilijua. Nusu ya mashimo mnayoyaona pale matopeni yalichimbwa na gando lake la kulia. La kushoto aliliacha kwenye tenga la mvuvi mmoja, na hajawahi kurudi kulidai. Alichimbia wajane, alichimbia maharusi, alichimbia hata wale wasiosema ahsante. Kisha siku moja, katikati ya shimo la mtu, akalichomeka gando matopeni, akasema basi, imetosha. Toka siku hiyo kazi yake ilikuwa kutokuwa na kazi. Maji yakipwa alikaa mlangoni pake, kiwiliwili majini, macho juu ya vijiti vyake, moja analianika juani, la pili analiachia mambo ya majirani. Povu mdomoni kama anakunywa kahawa. Maji yakijaa aliingia ndani, akajiziba na donge la tope, akalala. Yakipwa tena akatoka kuuliza nani kapita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Mume wetu yuko wapi? Au umemficha ili asinione?"

Siku nyingine Kitwitwi angecheka, angemjibu kwamba mume wao amesema wewe umezeeka. Siku hiyo alimwaga yote kwa pumzi moja, Kenge na mzizi na mayai na kesho na ko, ko, na macho ya manjano, na akarudia mwanzo kwa sababu alihisi hakusema vizuri, na akarudia tena.

Bi Kaa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye amestaafu. Kupambana na kenge ni kazi, tena kazi ya vijana, na yeye aliapa hatagusa kazi mpaka afe, na hata kufa akiona kuna kazi ndani yake ataahirisha.

Kitwitwi hakubishana. Alisimama pale tu, hawezi kuondoka, hawezi kulia. Bi Kaa akamtazama kwa lile jicho la majirani. Akamtazama sana. Halafu, polepole, akalitoa lile jingine juani, akamtazama kwa yote mawili.

"Yamebakiza siku ngapi?"

"Yameanza kugonga. Nne labda."

"Na leo mwezi ngapi?"

"Kumi na moja, Bibi."

Bi Kaa akahesabu kwa miguu yake, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. "Nenda kaatamie," akasema. "Na unifungie huo mdomo unaotetemeka, unanitia baridi."

Akaondoka kwenda mikokoni, mbavumbavu, hatua mbili anapumzika, hatua mbili anapumzika. Kitwitwi akarudi juu ya mayai yake, na kwa kuwa upepo ulivuma kutoka upande wa mikoko alisikia kila neno.

Bi Kaa alipiga hodi kwa mstaafu mwenzake. Alimpa pole ya kazi, alimpa hongera ya mapumziko, akamuuliza afya, akamuuliza mto, akamuuliza aliwaachaje huko. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, je, aliagwa lini?

"Kuagwa na nani?" Kenge akauliza.

"Basi hukuagwa."

"Nimesema kuagwa na nani."

Bi Kaa akashusha pumzi mpaka povu likapasuka. "Huku kwetu, baba, anayeondoka kazini bila kuagwa tunamwita mtoro."

Mkia ukapiga mti, paa. Kenge akasema hakuna aliyewahi kumwita mtoro, mto mzima hakuna, na atakayemwita atamezwa bila kutafunwa. Bi Kaa akamwambia hayo ndiyo aliyotegemea kuyasikia kwa mtu mzito kama yeye, na ndiyo maana amekuja mwenyewe na uzee wake huu. Wamwandalie kuagwa. Mwezi kumi na tano, siku ya Alhamisi, maji yakijaa, wote watahudhuria, zitatolewa hotuba. Na mambo ya yai moja kila jua ayaache, hayo ni mambo ya ombaomba. Mstaafu hupewa kiinua mgongo chake kwa mkupuo mmoja, mayai yote ya hori, viota vyote, yamepangwa kama chungu ya machungwa.

Ulimi ukatoka. Lele, lele, lele.

"Sharti moja tu," akasema Bi Kaa. "Watu wa hori hili ni wabishi. Watataka kuona kama kweli umeacha kazi. Mstaafu hachimbi. Mstaafu hapandi. Mstaafu hakimbii, haogelei, hatafuti. Ukionekana una kazi mkononi kabla hujaagwa na kukabidhiwa chako, watasema bado umeajiriwa, na aliyeajiriwa hapewi kitu."

"Na kula?"

"Kula ruhusa. Ukiletewa."

"Nitaletewa lini?"

"Alhamisi."

Kenge akafikiri. Tumbo lilisema moja leo. Tamaa ikasema yote Alhamisi. Wakavutana hapo ndani, na mnajua nani hushinda, tumbo lina mwisho, tamaa haina. Akakubali.

Bi Kaa akamchagulia na kiti. Palikuwa na rundo la makumbi pale pembeni, maganda makavu ya nazi yaliyofungwa ndani ya wavu kuukuu, wavu umefungwa kwa kamba kwenye mzizi wa mkoko. Wanawake wa kijijini huyaleta makumbi ili wayafukie topeni mpaka yaoze wapate usumba wa kusokota kamba. Mwenye hili rundo aliolewa bara kabla hajalifukia, akalisahau. Kenge akalikagua. Akamwonyesha Bi Kaa kijiti alichokichomeka mwenyewe usiku wa kwanza, mahali maji yalipofika, na usiku wa pili yakafika hapohapo, na wa tatu. Yeye si mjinga, akasema. Alitazama kwanza. Mtoni maji huenda upande mmoja tu, ya hapa yanakwenda na kurudi, lakini yana adabu, yakifika kwenye kijiti yanageuka. Na rundo liko juu ya kijiti.

Bi Kaa akakisifu sana kile kijiti.

Basi Kenge akapanda kitini, akajilaza kifua mbele, mikono kaikunja, na Bi Kaa akarudi mlangoni pake akaimba, wala hakuimba kwa nguvu:

Mstaafu haendi, mstaafu haji,
amekaa tuli, anatazama maji.

Siku ya kwanza ikapita. Maji yakajaa, maji yakapwa. Kenge alikaa, na kila aliyepita alimwamkia, na aliitikia kwa kichwa kama sheha.

Siku ya pili njaa ikaanza kumsemesha. Kaa mmoja mdogo, wa wiki moja, hajui dunia, akapita mbele ya rundo anaburuta jani. Kenge akainua mguu mmoja. Hapohapo kila shimo likatoa macho, hori zima macho juu ya vijiti, na kutoka kule mlangoni kwa Bi Kaa ikaja sauti:

Mstaafu haendi, mstaafu haji,
amekaa tuli, anatazama maji.

Mguu ukabaki hewani. Kenge akasema alikuwa anajinyoosha. Akaushusha. Jioni akalalamika kwamba kijiti chake hakionekani, kimeibwa. Bi Kaa akasikitika naye, akasema watoto wa siku hizi hawana malezi. Maji ya jioni ile yalipita mahali pa kijiti yakaenda zake, na hakuna aliyeyataja.

Kitwitwi hakuwa amelala siku mbili. Kila Kenge alipopumua alihesabu hatua kati ya rundo na kiota, hatua kumi na tisa za kitwitwi, ambazo ni hatua tatu za kenge, labda mbili akiwa na njaa sana. Chini yake ko, ko, ko, wanagonga kwa zamu sasa, kama watu walioko chumbani wanaouliza kama nje kumekucha. Aliwaambia kesho. Aliwaambia kesho kutwa. Aliwaambia uongo mwingi ambao mama huwaambia watoto, kwamba hakuna kitu, ni upepo.

Siku ya tatu wimbo haukusikika. Jua likapanda, mlango wa Bi Kaa mtupu. Kitwitwi akazungusha shingo kila upande mpaka akamwona: yuko chini ya rundo, upande wa nyuma, tope mpaka machoni, lile gando lake moja linaitafuna kamba ya wavu. Kat. Anapumzika. Kat. Anapumzika. Ilikuwa kamba nene ya usumba, kamba ya kufungia mashua, na yeye ni kikongwe, na alikuwa ameianza tangu usiku. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mlangoni wa kuimba.

Na Kenge akaliona hilo.

Aliteremka kitini polepole, mguu, mguu. Kwaraa. Macho ya mashimoni yakatoka, lakini hakuna aliyeimba, wote wadogo, wote wameumbwa kwa nyama laini ndani. Kwaraa. Kivuli chake kikafika kwenye kiota kabla yake. Kitwitwi akaona ulimi, akaona ndani ya kinywa, pekundu, parefu, kama kichochoro kisicho na mlango wa pili. Angeweza kuruka. Mabawa alikuwa nayo. Aliyahisi mabawa yake yanataka kwenda bila yeye. Chini ya tumbo, ko.

Akasimama juu ya mayai yake akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi:

"Shikamoo, mzee. Naona umerudi kazini."

Kenge akasimama.

"Nani amerudi kazini?"

"Nimeona umetembea, nikadhani unatafuta. Na kutafuta ni kazi. Nikasema moyoni, masikini, kumbe hakustaafu, alikuwa likizo."

Likizo. Kutoka shimo moja kikatoka kicheko kidogo, kikajizuia. Kutoka jingine kingine. Kenge akageuza kichwa huku, akageuza kule, kila upande macho, na kila jicho lilionekana linasema mtoro.

Kitwitwi akafungua mdomo akaimba. Hakujua kuimba, hakuna kitwitwi anayejua, alikatika katikati ya neno la pili, akaanza upya. Mstaafu haendi. Shimo la kwanza likaitikia. Mstaafu haji. La pili, la tatu. Amekaa tuli. Hori zima, sauti za kaa, sauti za povu. Anatazama maji.

"Nilikuwa napita tu," akasema Kenge. "Nilitaka kumjulia hali mzazi."

"Hali ni njema, mzee. Ahsante kwa kuniuliza."

Akarudi. Kwaraa, kwaraa, kwaraa, akapanda kitini, akajilaza, akakunja mikono. Kitwitwi akayaatamia tena mayai yake, akayahesabu kwa tumbo mpaka jioni, la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaanza upya.

Alhamisi, mwezi kumi na tano.

Walikuja wote. Membe kaongea kwanza, akamsifu mgeni kwa kazi yake ndefu, akataja mayai ya Membe wa zamani aliyoyala Kenge huko mtoni kama mtu anavyotaja madaraja aliyojenga. Kenge akaitikia kwa kichwa. Kaa sita wakaongea, kila mmoja akisema hatachukua muda mrefu, na kila mmoja akachukua. Hata Chaza, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufungua mdomo mbele ya watu, aliufungua, akasoma shukrani ndefu sana, akarudia ukurasa. Na maji yakawa yanajaa. Yalipita pale palipokuwa na kijiti. Yakafika kwenye makumbi ya chini, yakayalamba. Yakapanda ya pili, ya tatu. Makumbi ni makavu, hayataki kuzama. Rundo likatikisika, dugu.

"Kiti kinatikisika," akasema Kenge.

"Furaha hiyo," akasema Bi Kaa. Alikuwa juu ya mzizi, amechoka mpaka macho yamelala kwenye vijiti. Katika kamba ulikuwa umebaki uzi mmoja. Akaukata. Kat.

Rundo likaelea. Likazunguka mara moja, likatulia, likasogea kidogo kutoka ufukweni, na Chaza bado anasoma. Na bahari ikajaa mpaka ukingo wa mwani mkavu, hatua mbili kutoka kwa Kitwitwi, ikasimama pale kama inayowaza. Na Kitwitwi hakuitazama hata kidogo, kwa sababu yai la kwanza lilikuwa limepasuka, kwa, na kichwa kilicholowa kimetoka kinamtazama.

Halafu maji yakageuka.

Maji ya bamvua yakianza kutoka hayaagi. Yalilishika rundo, yakaelekea nalo mlangoni mwa bahari. Kenge akainua shingo. Kati yake na nchi kavu palikuwa na urefu wa mikia mitatu, na yeye ni kenge, aliogelea kabla hajatambaa.

"Nitaogelea nirudi," akasema.

Hata Chaza aliacha kusoma. Macho yote yakamgeukia.

"Kuogelea ni nini, mstaafu?" akauliza Bi Kaa, kwa upole kabisa.

Kenge akafikiri. Mikia mitatu ikawa minne.

"Ni kazi," akasema.

"Na bado hujakabidhiwa."

"Na kiinua mgongo changu?"

"Kitakufuata, baba. Wakubwa hawachukui wenyewe. Wewe kaa tu."

Mikia mitano, sita. Tumbo likasema ruka. Tamaa ikasema mayai yote, yote, utayapoteza kwa kuloa mgongo? Kenge akakaa. Mkondo ukalipindisha rundo pembeni, likapita karibu kabisa na kiota cha Kitwitwi, karibu kiasi kwamba angeinyoosha shingo tu angekifikia, na pale mchangani palikuwa na watoto wawili tayari, wamelowa, wanasimama, wanaanguka, na wa tatu anasukuma ganda kwa kisigino. Kinywa cha Kenge kikafunguka. Kitwitwi akatandaza mabawa juu yao, akafumba macho.

Alipoyafumbua alimwona amefunga kinywa, mikono kaikunja, kifua mbele.

"Hongera, mama," akasema Kenge, kama mtu anayejiheshimu, akapita.

Kaa wakamsindikiza kwa wimbo mpaka mlangoni. Yeye akapunga mkia, mara moja, mara mbili, bahari kuu ikampokea. Wavuvi husema kuna kijiwe kimoja mbele huko, kina mwani na samaki waliokufa, na juu yake kuna kenge mwembamba aliyekaa uso kuelekea horini, anasubiri. Husema ana adabu sana, ukimwamkia anaitikia. Na Bi Kaa kila bamvua humtumia salamu kwa maji yanayotoka, maana, asema, wastaafu wasiposalimiana nani atawasalimia.

Jua lilipotua, watoto watatu walikuwa wanakimbia, tititi, tititi, tititi, wanaanguka kwenye nyayo za watu, wanapanda. Kitwitwi aliwachukua akaenda nao kwa Bi Kaa. Akamkuta mlangoni, tope halijamtoka, gando limevimba kwa ile kamba. Watoto wakampanda mgongoni bila kubisha hodi.

"Bibi," akasema, "siku nne umetembea, umekesha, umechimba, umekata kamba ya mashua. Hii kazi uliyotufanyia..."

"Kazi?" Bi Kaa akayazungusha macho yote mawili kuona kama kuna mtu karibu. Akashusha sauti. "Sikiliza, mke mwenza. Mimi nina jina langu hapa. Miaka yote hii watu wanapita wanasema, mstaafu yule, huyo ndiye mstaafu. Wakijua nilishika kazi siku nne, kesho hapa mlangoni patajaa, huyu anataka shimo, yule anataka shimo. Nitakufa nachimba. Niahidi."

Kitwitwi akamwahidi. Akaapa kwa mabawa yake na kwa vichwa vya wanawe watatu kwamba hatamwambia mtu.

Bi Kaa akalirudisha jicho moja juani, ingawa jua lilishatua.

Na kwa kuwa ngano isiyo na funzo hufukuzwa mlangoni, funzo la hii ni hili: ukistaafu, usiguse kazi. Kaa ulipokalishwa, tazama maji, ngoja kuletewa. Kenge alilishika sharti hilo neno kwa neno, na mmeona alivyofika mbali. Bi Kaa alilivunja siku nne mfululizo, na mpaka leo hajasogea hatua kumi kutoka mlangoni kwake.

Maji yamejaa.

— Yatapwa.

Yamepwa.

— Yatajaa.

Ngano yangu nimeiacha hapo juu ya mwani, atakayeikanyaga ni yake. Ila Kitwitwi alimwambia mama mmoja tu, usiku wanawe walipogoma kulala, na mama huyo aliniapisha, na mimi nimewaambia ninyi tu. Mtamwambia nani?

— Hatumwambii mwingine.